Punje Nyekundu Kwenye Unyayo

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo alasiri, na leo nimejua kwamba mama ana kidonda.

Mama ni mama mkwe wangu. Tangu mke wangu alipofariki mwaka jana tunakaa wawili katika nyumba hii ya vyumba viwili, kila mmoja akijitahidi asimsumbue mwenzake. Yeye alikuwa dobi maisha yake yote, na mpaka sasa hawezi kuona doa akalipita. Mimi ni fundi viatu. Hatuna mengi ya kuzungumza. Aliyekuwa akituunganisha ndiye aliyeondoka.

Nilikuwa nageuza kiatu chake cha kushoto kuangalia kama soli inaingiza maji, kikadondoka kifungo cha shati. Cheupe, cha matundu manne. Ndani ya kiatu, pale panapokaa chini ya kidole gumba, palikuwa na doa kavu la kahawia.

"Mama, kiatu hiki umekivaa lini?"

"Jana. Na juzi. Kwani?"

"Hukuhisi kitu?"

"Nihisi nini? Kiatu si kiatu."

Nikamwomba anionyeshe mguu. Akasema hajafikia mahali pa kumwonyesha mkwe wake unyayo. Nikamwambia mimi kutwa nzima kazi yangu ni nyayo za watu, na zote zinafanana. "Uongo," akasema, "wa kwangu ni mzuri." Lakini akautoa. Chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo ambalo kifungo kile kingekaa barabara. Halikuwa jekundu. Lilikuwa la kijivu, kama nyama iliyolala majini. Nikaligusa pembeni kwa ncha ya kidole.

"Mbona bado hujagusa?" akaniuliza.

Jumanne, 4 Machi
Tumekwenda kliniki. Ana sukari ya miaka mingi, na sukari imemmaliza hisia miguuni. Ndiyo sababu alitembea na kifungo siku mbili bila habari.

Muuguzi wa vidonda ni mwanamke mfupi ambaye wagonjwa wote humwita Plasta, na yeye huitika. Anaongea kama mtu anayegomba. Alimpapasa mama mguu kwa mgongo wa mkono, kuanzia gotini kushuka mpaka vidoleni, polepole, kama mtu anayetafuta mahali maji yalipokatikia. "Hapa moto. Hapa moto. Hapa vuguvugu. Hapa baridi." Baridi ilianzia kati ya unyayo.

Kisha akaja daktari wa upasuaji, mrefu, mtulivu. Akasema damu inafika kwenye kifundo vizuri, lakini mbele ya hapo inakwenda kwa shida. Tutajaribu kukiponya. Mvua zikiisha, kama kidonda bado ni cha kijivu, au kama kitaoza kabla, atakata chini ya goti.

Mama akamwuliza: "Na kiatu cha pili nitampa nani?"

Daktari hakujua kama acheke.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Mama amefua mapazia akiwa amekaa kitini, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa.

Ijumaa, 7 Machi
Plasta atakuwa anakuja nyumbani kila Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nitafunga mimi. Amenifundisha: kunawa, kusafisha kwa maji ya chumvi aliyoyaleta kwenye chupa, kuweka shashi yenye unyevu, kufunga bila kukaza.

"Mikono yako migumu," aliniambia.

"Ya kazi, dada."

"Basi ifundishe kazi nyingine."

Sijui kama nampenda. Alipoondoka mama akasema, "Huyo mwanamke anajua kazi yake. Umeona alivyokunja kitambaa?" Mama humpima mtu kwa anavyokunja kitambaa.

Jumapili, 9 Machi
Mchana mtu amebisha hodi. Tumekaa kimya wote wawili mpaka akaondoka. Ndivyo tulivyo tangu msiba. Zamani, mke wangu akiwapo, mlango huu haukuwa na nafasi ya kubishwa mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi
Kijivu bado. Plasta amekwangua ngozi ngumu ya pembeni kwa kisu chembamba. Mama alikuwa anamsimulia jinsi ya kutoa doa la wino. Hakuhisi lolote.

Jumatano, 19 Machi
Mvua ya kutwa. Nimeshona soli za viatu vya shule, hakuna zaidi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimefungua sanduku la mke wangu kutafuta taulo jepesi la kuwekea mguu wa mama. Kila kitu kimekunjwa, kinanukia sabuni. Siku ya pili baada ya mazishi, mama alikusanya nguo zote za binti yake akazifua. Zote, hata ile kanga iliyokuwa bado na harufu yake. Nilirudi nikazikuta kwenye kamba, zinadondosha maji. Hakuwa amelia msibani, na siku ile niliona kwa nini: nilidhani ana moyo wa ubao wa kufulia. Sijamwambia hivyo. Wala sijasahau.

Taulo nimelipata.

Jumanne, 25 Machi
Mama anaona utando wa buibui kwenye jicho la kulia. Alidhani ni uchafu wa dirisha, akalisugua dirisha asubuhi yote. Plasta alipomwuliza maswali mawili, matatu, akaandika karatasi ya kwenda kwa daktari wa macho palepale.

Alhamisi, 27 Machi
Daktari wa macho ni kijana mwenye sauti ndogo. Alituonyesha picha ya ndani ya jicho la mama kwenye kioo cha kompyuta: duara la rangi ya chungwa, mishipa mikubwa imetawanyika kama njia zinazokwenda mashambani. Pembeni palikuwa na kitu kingine, vinyuzi vyembamba vilivyojikunja ovyo, kama uzi uliomshinda mtu kuufungua.

"Hii ni mishipa mipya," akasema. "Haikuwepo. Imeota yenyewe, na ni dhaifu, inavuja damu. Ule utando unaouona, bibi, ni damu."

"Na mishipa hiyo inataka nini machoni mwangu?"

"Tukiiacha, itakupofusha."

Akasema kuna sindano ya kuizuia isiote, lakini kwa kuwa mama ana kidonda kibichi mguuni, angependa kwanza atumie mwale wa mwanga. Akampigia Plasta simu mbele yetu. Walizungumza kwa maneno mafupi mafupi, nami nilishangaa kuona watu wawili wanashauriana juu ya mwanamke mmoja kwa uangalifu ule, mmoja kashika jicho, mwingine kashika mguu. Kisha akamchoma kwa ule mwale.

Mishipa mipya, imeota yenyewe. Maneno yale niliyasikia mara ya kwanza kuhusu mke wangu. Daktari wake alituchorea nyuma ya bahasha ya eksirei: duara, na vijistari vingi vikiingia ndani yake. Alisema uvimbe umejiotesha mishipa yake wenyewe, unajilisha. Mke wangu aliitazama ile picha kwa muda, akasema, "Kumbe hata huu unajua kujipikia." Nilicheka. Daktari hakucheka. Bahasha bado ninayo.

Jumanne, 1 Aprili
Kijivu. Pembeni kuna umanjano. Plasta hakusema kitu, na yeye asiposema kitu mimi siwezi kula.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua imebomoa kona ya ukuta wa banda langu la kazi. Kipara, mwenzangu wa meza ya pili, amesema sasa tuna dirisha.

Jumatano, 9 Aprili


Jioni nimefungua mguu wa mama. Ndani ya kidonda, pale palipokuwa na kijivu, kumeota kitu. Punje ndogo nyekundu, nyekundu sana, zinang'aa, zimejazana kama mbegu ndani ya tunda. Nilipogusa kwa shashi zikatoka damu. Kuzigusa tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mke wangu. Uvimbe ulipotoboa ngozi, ulikuwa hivyohivyo: mwekundu, wenye punje, ukitoka damu kwa kuguswa na shuka.

Nilifunga haraka. Lakini mama ana jicho moja bovu, si mawili.

"Una nini? Umekuwa kama mtu aliyemeza msumari."

"Hakuna, mama."

"Mimi nimelea, baba. Usinidanganye. Umeona nini?"

Nikamwambia. Nilisema kuna nyama inaota, nyekundu, inafanana na ile ya mwanao. Nilisema labda ni mishipa kama ile ya jicho. Kisha akauliza kama kesho nina kazi nyingi. Nikasema ninazo. "Nenda," akasema, "ukalale."

Alhamisi, 10 Aprili
Nimerudi nikamkuta amekaa ukumbini, beseni mbele yake, maji ya rangi ya waridi, na burashi yake ya kufulia juu ya kiti. Ile ya nywele ngumu ya kusugulia kola. Mguu ulikuwa juu ya taulo.

"Nimekitoa," akasema.

Nilipiga magoti. Kidonda kilikuwa cheupe, kimechunwa, hakina punje hata moja. Alikisugua kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto. Hahisi kitu, kwa hiyo hakukuwa na maumivu ya kumwambia aache.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya ambacho hakuna aliyemfanyia mwanangu."

Ndipo akalia. Sijawahi kumsikia. Alilia kama anayekamua shuka zito, kwa nguvu, kwa zamu, akipumzika katikati. Mimi nilibaki pale chini nimeushika ule mguu. Ulikuwa baridi.

Ijumaa, 11 Aprili
Plasta alikuja saa yake, mwavuli unachuruzika. Alifungua kitambaa, akatazama, akakaa chini sakafuni kabisa. Nilidhani ataanza kugomba. Alitusikiliza wote wawili, mama akisema burashi, mimi nikisema punje, mpaka tukamaliza.

"Mlichokisugua," akasema, "ndicho nilichokuwa nakingoja tangu Machi."

Mama akamwambia, "Usinifariji."

"Mimi huwa namfariji nani? Waulize wenzako kliniki."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema kosa ni lake. "Wiki zote hizi nimekuwa naongea na mguu. Sikuongea na nyinyi." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akatueleza. Nitaandika kama alivyosema, nisije nikasahau.

Alisema kila sehemu ya mwili inaishi kwa damu. Ikikosa, inapata njaa, na ikiwa na njaa inaita. Inatoa kitu kinachosambaa pale jirani, na mishipa iliyo karibu inakipata kama watu wanavyopata harufu ya chakula. Ubavuni mwa mshipa panatokea kichipukizi, kinatambaa kuelekea kwenye njaa. Kingine kinatoka upande wa pili. Vinakwenda humohumo gizani, vyembamba kuliko unywele, mpaka vinakutana, vinaungana, na damu inapita. Kila punje nyekundu niliyoiona ilikuwa fundo la vimishipa hivyo, vimejikunja pamoja na nyama mpya. Vinatoka damu kwa kuguswa kwa sababu vingali vichanga, kuta zake bado hazijakomaa.

"Ndiyo nyama ya kuponya," akasema. "Kidonda kikikosa hiyo, hakifungi."

"Na jichoni?" mama akauliza. "Mbona kule wameichoma?"

"Kule nako kuna njaa. Sukari imeziba vijia vidogo, jicho likaita, mishipa ikaja. Ila jicho ni chumba cha vioo, mama. Halina nafasi ya wageni. Wanapofika, wanavuja, wanararua. Ule mwale umezima zile sehemu za pembeni zilizokuwa zinapiga kelele, ili katikati pabaki salama."

Nilijua swali linalofuata ni langu. Nilitazama sakafu.

"Na mke wangu?"

Plasta alirudisha miwani usoni. "Uvimbe nao unaita," akasema. "Unaita kwa sauti ileile. Mwili haujui kutofautisha. Ukiitwa, unapeleka."

"Mwili wenyewe unalisha?"

"Unalisha. Tofauti ni moja. Kidonda kikishiba, kinanyamaza. Mishipa isiyo na kazi tena inajiondokea, ndiyo maana kovu huanza jekundu halafu likafifia. Uvimbe haushibi. Hausemi basi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama akavuta pumzi, akasema, "Kwa hiyo nimewafukuza wageni waliokuja kunisaidia."

"Kwa burashi," akasema Plasta.

"Ile ya kola."

Nao wakaanza kucheka, wanawake wawili, mmoja sakafuni, mmoja kitini, macho yao yote yana maji. Mimi nilishindwa kujiunga nao. Nilikwenda nje barazani nikasimama.

Jumamosi, 12 Aprili
Sikulala vizuri kwa kuwaza, lakini si mawazo mabaya.

Mwaka mzima niliamini kwamba mwili wa mke wangu ulimsaliti. Kwamba alilala na adui ndani ya ngozi yake, na mwili ukawa unampelekea adui chakula kwa mlango wa nyuma. Niliuchukia mwili ule niliokuwa naupenda. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu.

Lakini mke wangu alikuwaje? Alikuwa mtu wa kuinuka mezani tonge likiwa mkononi. Mtu akibisha, alifungua kwanza, akauliza baadaye. Nilikuwa namgombeza. "Siku moja utamfungulia mwizi," nilimwambia. Akasema, "Na siku nyingine zote je?"

Mwili wake ulikuwa kama yeye. Uliitwa, ukafungua.

Jumatatu, 14 Aprili
Plasta anasema tumerudi nyuma, lakini hatujarudi mwanzo. Kidonda hakijaoza. Daktari hajabadili siku yake. Mvua kwa kawaida huisha mwishoni mwa Mei. Kuna mambo mawili: kisiguswe, na kisikanyagwe. "Vimishipa hivyo ukivikanyaga vinafungika kama mpira wa maji chini ya gurudumu. Akitembea hatua chache tu kwenda chooni, kazi ya usiku mzima imepotea. Ningekuwa na fundi wa kiatu…" Akakatiza mwenyewe, akanitazama mikono.

Wote wawili tuliona haya kwa kutokuwaza hilo mapema.

Jumatano, 16 Aprili
Nimepiga chapa ya unyayo wa mama kwenye karatasi, kwa majivu, kidonda kikiwa kimefunikwa. Alilalamika kuwa ninamchafua. Uzito wake wote unaangukia palepale kwenye kidonda, majivu yamegandamana meusi. Lazima nihamishe uzito uende kisiginoni na kwenye upinde wa mguu.

Alhamisi, 17 Aprili
Kandambili ya kwanza imeshindikana. Kipara ameuliza kama natengeneza kiatu au godoro.

Jumapili, 20 Aprili
Ya pili imeshindikana. Shimo nililolikata lina ukingo mkali, litamla mama pembeni. Ukingo unatakiwa uteremke taratibu, kama sahani na si kama kikombe.

Jumanne, 22 Aprili
Nilikuwa na kipande cha ngozi laini ya kahawia. Mke wangu alikichagua mwenyewe kwa muuza ngozi, akakipapasa shavuni, akasema nimshonee viatu akipona. Kimekaa juu ya kabati langu la kazi tangu wakati huo, kimefungwa gazeti.

Leo nimekifungua. Tabaka la chini raba ngumu, la kati sponji nene, nimeichimba bonde pale mbele, na juu nimetandika ngozi ile. Mshipi mpana usiobana, wa kufunga kwa kubandika. Kipara alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Kisha akaingiza ngumi yake ndani, akaikandamiza, akasema, "Ningekuwa na kidonda ningehamia humu."

Mama amevaa jioni. Ameipapasa ngozi.

"Hii si ya mteja."

"Hapana, mama."

Hakuniuliza zaidi. Amekwenda chooni na kurudi, nimefungua kidonda, shashi haina alama ya kukandamizwa.

Ijumaa, 25 Aprili
Cheupe. Plasta amesema nisubiri.

Jumatatu, 28 Aprili
Cheupe. Mvua ya mawe madogo kwenye bati. Nimejikata kidole gumba kwa kisu cha ngozi.

Jumatano, 30 Aprili
Cheupe, au labda nataka mno kuona.

Ijumaa, 2 Mei
Plasta amewasha tochi. Ameinama mpaka pua imekaribia kugusa. Akaniita kwa kidole bila kuinua kichwa.

Pembeni mwa kidonda, upande wa juu, kulikuwa na punje moja nyekundu. Karibu yake nyingine. Nilizitazama kama mtu anayetazama taa ya nyumba yake kwa mbali.

"Zimerudi?" mama akauliza. Jicho lake bado haliwezi kufika huko. "Semeni basi, mguu ni wangu!"

"Zimerudi, mama," nikasema. "Hazikununa."

Jumamosi, 3 Mei
Kidole changu nacho kimeanza kujifunga, rangi ya waridi kando ya mkato. Maisha yangu yote nimejikata na kupona na sikuwahi kutazama. Mimi bila chaki, bila mwanga, siwezi kuunganisha vipande viwili vya ngozi vikakutana sawa. Vimishipa hivi vinaungana gizani, chini ya kitambaa, mimi nikiwa nimelala. Na hakuna anayelipwa.

Jumanne, 6 Mei
Kumi, labda zaidi. Nimeacha kuhesabu.

Jumapili, 11 Mei
Nilipokuwa namfunga mguu, mama alianza kuzungumza mwenyewe, anatazama dirishani.

"Zile nguo, ulinichukia kwa ajili yake."

Niliendelea kuzungusha kitambaa.

"Zilikuwa na damu, baba. Siku zake za mwisho alikuwa anajificha, anabadilisha nguo wewe ukiwa kazini, anazisukuma chini ya kitanda. Hakutaka uone damu ilivyozidi. Nilijua watu wa msiba wakiondoka utafungua, utanusa, utakuta. Nikasema hapana, nitaanza mimi."

"Hata kanga ile?"

"Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Niliiloweka mara tatu. Damu haitoki kwa maji ya moto, unajua? Ya moto inaigandisha. Maji baridi, na uvumilivu."

Nilimaliza kufunga. Nilikunja kitambaa kilichobaki, nikakikunja tena ncha kwa ncha, vizuri, kwa sababu alikuwa anatazama.

"Afadhali sasa," akasema.

Huyu ndiye niliyemwita moyo wa ubao.

Ijumaa, 16 Mei
Kidonda chote chekundu, kama zulia. Kingo zimeanza kutambaa kuelekea ndani, ngozi nyembamba yenye rangi ya lulu. Plasta ameniita "fundi" kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua imepungua. Sijui kama nifurahi. Nimezoea kuiogopa kwa sababu ya siku ya daktari, sasa nasikia ikikatika nasema subiri kidogo, subiri, bado kidogo.

Alhamisi, 22 Mei
Jua nusu siku. Mama ameanika kila kilichomo ndani ya nyumba, nusura na mimi.

Jumanne, 27 Mei
Tumekwenda kwa daktari wa upasuaji. Mama alivaa gauni lake la bluu, amelipiga pasi mpaka limesimama lenyewe. Plasta alikuwepo, amesimama ukutani, amekunja mikono, midomo imebana. Ndipo nikatambua kwamba na yeye anaogopa. Miezi mitatu nilidhani ni mkali. Kumbe ndivyo anavyoonekana akitumaini.

Daktari alifungua mwenyewe. Kile kishimo cha kifungo kimebaki kama punje ya dengu, chekundu, safi. Akakigusa kwa ncha ya kifaa, ikatoka tone la damu. Nilishtuka, kwa mazoea. Yeye akatabasamu.

"Mnaiona hiyo? Damu nzuri hiyo. Mtu mwenye damu hapa hana haja na mimi."

Akapapasa mguu kwa mgongo wa mkono kama alivyofanya Plasta siku ya kwanza. Moto, moto, moto. Alipofika kati ya unyayo akasita, akaendelea hadi vidoleni.

"Hukati?" mama akauliza.

"Sina cha kukata, mama."

"Basi umetupotezea siku." Lakini alimshika daktari mkono, akaushika muda mrefu.

Daktari akachukua kandambili ya kahawia, akaigeuza, akaingiza kidole kwenye bonde. Aliniuliza kama naweza kuwatengenezea wengine. Wapo wanaosubiri nje. Nikasema naweza, nikionyeshwa miguu yao. Nje mlangoni Plasta alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na ukungu.

Ijumaa, 30 Mei
Plasta amesema mwezi ujao kitakuwa kimefunga, kisha kovu litakuwa jekundu kwa muda, kisha litafifia. Akasema tusije tukaogopa likififia. Ni vimishipa vinarudi kwao, kazi imeisha.

Mama akasema, "Wageni wenye adabu hao."

Jumapili, 1 Juni
Hakuna mvua. Madirisha yote wazi.

Mama anataka kiatu cha kulia kinachofanana na hiki cha kushoto, amechoka kutembea kama bata. Ngozi ya kahawia imebaki kipande, inatosha. Alikaa ukumbini nikawa napima miguu yote miwili, kwa sababu wa kushoto nao umebadilika, hauvimbi tena. Nilipoushika unyayo wake ulikuwa wa moto mpaka ncha ya kidole. Nilikawia kidogo.

"Ukimaliza kuushika," akasema, "unirudishie. Nina kazi nao."

Tulikuwa tunacheka bado mtu alipobisha hodi.

Tulinyamaza, kama tulivyozoea. Nilisikia mtu anasogeza miguu barazani, anangoja. Nikaweka chini utepe wa kupimia, nikainuka.

"Ni nani?" mama akauliza nyuma yangu.

"Sijui bado," nikasema. Nilikuwa nimeshafungua.